Ibn Sina (980–1037): Maisha Yake na Mtazamo Wake Kuhusu Maradhi ya Akili

1.0 Utangulizi

Katika mikoa ya Shinyanga na Geita, mtu anapoanza kusema peke yake, kukesha usiku kucha au kuwakimbia jamaa zake, watu wa nyumbani kwake huwa na milango mitatu ya kubisha. Upo mlango wa mganga wa jadi, ambaye hupiga ramli na kutaja mizimu iliyosahauliwa au jirani mwenye husuda. Upo mlango wa shehe au mwalimu wa madrasa, ambaye humsomea mgonjwa na pengine kumtaja jini. Na upo mlango wa hospitali. Mara nyingi milango hii hubishwa kwa zamu, na ule wa hospitali huwa wa mwisho, baada ya ng'ombe kuuzwa na maradhi kukomaa. Uamuzi huu si wa tiba peke yake. Jirani akishatajwa, maisha ya mtu mwingine huingia hatarini. Vikongwe wa Usukuma wameuawa kwa sababu macho yao yalikuwa mekundu, ilhali wekundu huo ulitokana na moshi wa jikoni wa miaka mingi.

Makala haya yanakusudia kueleza maisha ya Abu Ali al-Husayn bin Abdallah bin Sina, ajulikanaye kwa kifupi kama Ibn Sina na huko Ulaya kama Avicenna, na kuonyesha jinsi alivyolikabili swali hilohilo katika zama zake. Huenda msomaji akauliza mtu wa Bukhara wa miaka elfu moja iliyopita anawahusu vipi wachimbaji wa dhahabu wa Geita. Jibu la kwanza limo katika lugha. Bibi wa Kahama anayeumwa na viungo husema ana baridi yabisi. Maneno hayo mawili ni istilahi ya tiba ya Kiarabu, ambamo ubaridi na ukavu ni sifa za nyongo nyeusi, mmojawapo wa majimaji manne yaliyodhaniwa kuutawala mwili. Mengine ni damu, belghamu na nyongo ya manjano, ambayo jina lake la Kiarabu ndilo lililotupa neno safura. Hata rutuba, ambayo leo mkulima huitafuta katika udongo, asili yake ni unyevu, na katika vitabu vya tiba ni unyevu wa mwili. Maneno haya yalifika pwani pamoja na vitabu na matabibu, kisha yakapanda bara pamoja na lugha yenyewe kwa njia ya misafara ya Tabora. Anayeyatumia leo anatumia, bila kujua, msamiati wa elimu ambayo Ibn Sina ndiye aliyeipanga vizuri kuliko wote waliomtangulia.

Jibu la pili ni la hoja, nalo ndilo kiini cha makala haya. Ibn Sina aliishi katika jamii ya Waislamu walioamini kuwapo kwa majini, na baadhi ya matabibu wa wakati wake walisema kwamba majini huleta wazimu. Hakumtaka mgonjwa wala jamaa zake waache imani yao kwanza ndipo watibiwe. Alilitenga swali la asili ya ugonjwa na swali la matibabu yake, akaonyesha kwamba la pili linaweza kujibiwa hata kama la kwanza bado linabishaniwa.

2.0 Kuzaliwa na Elimu Yake

Habari za maisha ya Ibn Sina tunazipata hasa kutokana na maelezo aliyoyatoa mwenyewe kuhusu ujana wake, ambayo mwanafunzi wake Abu Ubayd al-Juzjani aliyaandika na kuyaendeleza hadi kifo cha mwalimu wake. Ni bahati ambayo wanazuoni wachache wa zama zile waliipata. Hata hivyo, hatuna budi kukumbuka kwamba sehemu ya kwanza ni ya mtu anayejieleza mwenyewe, na kwamba mtu huyo hakuwa mnyenyekevu.

Alizaliwa mwaka 980 katika kijiji cha Afshana, karibu na Bukhara, mji ambao leo umo katika nchi ya Uzbekistan. Baba yake alikuwa mtu wa Balkh aliyehamia Bukhara katika utawala wa Nuh bin Mansur wa ukoo wa Wasamani, akapewa usimamizi wa kijiji. Familia ilipohamia mjini, mtoto alipatiwa walimu wa Kurani na wa fasihi, na alipofika umri wa miaka 10 alikuwa amehifadhi Kurani na mengi ya fasihi. Baba na ndugu yake walivutiwa na mafundisho ya Waismaili. Nyumbani mlizungumzwa habari za nafsi na akili kwa njia ya madhehebu hayo, na mtoto alisikiliza, akayaelewa, lakini hakuyakubali. Hesabu za Kihindi alijifunza kwa muuza mboga aliyezimudu. Fiqhi alisoma kwa Ismail al-Zahid, akazoea njia ya wanasheria ya kuuliza, kupinga na kujibu. Mantiki, jometri na elimu ya nyota alianza kwa mwalimu aitwaye al-Natili, na haukupita muda mrefu kabla ya mwanafunzi kumzidi mwalimu.

Tiba aliiona kuwa si elimu ngumu. Alipokuwa na umri wa miaka 16, matabibu waliomzidi umri walikuwa wakisoma kwake, naye alikuwa akiwatembelea wagonjwa na kujifunza kwao mambo ambayo hayamo vitabuni. Kilichomshinda kilikuwa kitabu cha Aristotle cha metafizikia, alichokisoma mara 40 hata akakihifadhi bila kukielewa. Siku moja katika soko la vitabu alibembelezwa anunue kwa dirhamu 3 kitabu kidogo cha al-Farabi kilichoeleza makusudio ya kitabu kile. Alikisoma usiku uleule, akaelewa, na kesho yake akatoa sadaka kwa maskini kumshukuru Mungu.

Mtawala Nuh bin Mansur alipougua ugonjwa uliowatatiza matabibu wake, kijana huyu aliitwa kushirikiana nao. Baadaye aliruhusiwa kuingia katika maktaba ya kifalme, yenye vyumba vingi, kila chumba kikiwa na elimu yake. Alisema kwamba alipofika miaka 18 alikuwa amemaliza elimu zote, na kwamba tangu hapo hakuongeza jipya ila ukomavu. Akiwa na miaka 21 alianza kuandika vitabu kwa maombi ya jirani zake. Mmoja wao, al-Baraqi, alikuwa mwanafiqhi, na kwa ajili yake Ibn Sina aliandika kitabu kikubwa cha falsafa na kingine cha maadili kuhusu wema na dhambi.

3.0 Miaka ya Kutangatanga na Mgonjwa wa Rayy

Baba yake alifariki, na dola ya Wasamani ikaanguka; Bukhara ilitekwa na Wakarakhani mwaka 999. Ibn Sina alilazimika kuuhama mji wake wala hakurudi tena. Alikwenda Gurganj katika nchi ya Khwarazm, ambako alipokewa akiwa amevaa mavazi ya mwanafiqhi, naye akapangiwa posho ya mwezi iliyomtosha mtu wa hadhi hiyo. Jambo hili ni muhimu kwa msomaji wetu. Mtu ambaye tumezoea kumtaja kama tabibu na mwanafalsafa alijitambulisha mbele ya watu kama mtu wa sheria.

Kutoka Gurganj alipita miji kadhaa ya Khurasan akielekea Jurjan, kwa matumaini ya kumtumikia mtawala Qabus. Alipofika, Qabus alikuwa ameshapinduliwa, akafia kifungoni. Huko Jurjan ndiko alikokutana na al-Juzjani, ambaye hakumwacha hadi mwisho, na huko ndiko alikoanza kuandika al-Qanun fi al-Tibb, yaani Kanuni za Tiba.

Baadaye alihamia Rayy, karibu na Tehran ya leo. Mji huo ulitawaliwa kwa jina na kijana Majd al-Dawla wa ukoo wa Wabuyi, lakini madaraka yalikuwa mikononi mwa mama yake. Al-Juzjani anatueleza kwamba Majd al-Dawla alikuwa ameshikwa na maradhi ya nyongo nyeusi, yaani melankolia, na kwamba Ibn Sina alishughulika na matibabu yake. Huu ni ushahidi wa mtu aliyekuwa karibu na mambo yenyewe. Tabibu wetu hakuandika juu ya maradhi ya akili kutoka vitabuni tu, bali alimuuguza mtu aliyekuwa nayo.

Ipo hikaya mashuhuri inayokaribiana na habari hii. Mwandishi wa Kiajemi Nizami Aruzi, katika karne ya 12, anasimulia kwamba mwanamfalme mmoja wa Kibuyi alidhani amekuwa ng'ombe. Alilia kama ng'ombe, akakataa chakula, akataka achinjwe ili nyama yake ipikiwe harisa. Ibn Sina alikwenda kwake akijifanya mchinjaji, akaamuru alazwe na kufungwa, akampapasa mbavu kama wafanyavyo wachinjaji, kisha akasema kwamba ng'ombe huyu amekonda mno na hachinjiki mpaka anenepe. Mgonjwa alianza kula ili anenepe, akapewa na dawa pamoja na chakula, mwishowe akapona. Nizami aliandika zaidi ya miaka 100 baada ya kifo cha Ibn Sina, na hikaya yake nyingine, ya kijana mgonjwa wa mapenzi katika jamaa ya Qabus, haipatani na maelezo ya Ibn Sina mwenyewe, ambaye hakumkuta Qabus madarakani. Kwa hiyo hatuwezi kuichukua hikaya ya ng'ombe kama tukio la kihistoria. Thamani yake ni kwamba inaonyesha jinsi vizazi vilivyofuata vilivyomkumbuka: tabibu anayeingia ndani ya imani ya mgonjwa na kuitumia imani hiyo kumrudisha mezani.

4.0 Hamadan: Uwaziri, Maficho na Kifungo

Kutoka Rayy alikwenda Qazwin, kisha Hamadan, ambako alimtibu mtawala Shams al-Dawla ugonjwa wa msokoto wa tumbo, akafanywa waziri. Askari walimwasi, wakaipora nyumba yake na kutaka auawe. Mtawala alikataa, lakini alikubali kumwondoa, na Ibn Sina akajificha kwa siku 40 katika nyumba ya rafiki. Msokoto ulipomrudia mtawala, tabibu alitafutwa, akaombwa radhi, akarudishwa katika uwaziri. Mchana alishughulika na mambo ya dola. Usiku wanafunzi walikusanyika kwake, huyu akisoma kitabu cha al-Shifa, yule akisoma al-Qanun.

Shams al-Dawla alipofariki mwaka 1021, Ibn Sina hakukubali kuendelea na uwaziri. Alijificha katika nyumba ya muuza dawa na kuandika kurasa 50 kwa siku za al-Shifa bila kitabu cha kutazamia. Ilipogunduliwa kwamba alikuwa na mawasiliano na Ala al-Dawla, mtawala wa Isfahan, alifungwa katika ngome ya Fardajan kwa miezi minne. Humo ngomeni aliandika, miongoni mwa mengine, kisa cha kifalsafa cha Hayy bin Yaqzan. Baada ya kufunguliwa alikaa Hamadan kwa muda, kisha akatoroka pamoja na ndugu yake, al-Juzjani na watumwa wawili, wote wakiwa wamevaa mavazi ya Masufi, mpaka wakafika Isfahan.

Mtu huyu, basi, aliandika habari za hofu, kukesha na huzuni akiwa ameyapitia. Vitabu vyake havikutoka katika utulivu wa maktaba, bali katika maficho, safari na kifungo.

5.0 Maradhi ya Akili katika al-Qanun

Al-Qanun ina vitabu vitano. Cha tatu kinaeleza maradhi ya viungo kuanzia kichwani hadi miguuni, na maradhi ya akili yamewekwa humo, katika sura za kichwa na ubongo. Mpangilio huo peke yake ni msimamo. Melankolia, wazimu wa ghasia, kifafa, jinamizi na ugonjwa wa mapenzi vinafuatana na maumivu ya kichwa na uvimbe wa ubongo. Kila kimoja kina dalili zake, sababu zake na matibabu yake.

Katika sura ya melankolia ndipo linapotokea suala la majini. Ibn Sina anataja kwamba baadhi ya matabibu huona ugonjwa huu kuwa unatokana na jini. Hawapingi wala hawaungi mkono. Anasema kwamba anayefundisha tiba hajali kama unatokana na jini au hautokani naye, kwa kuwa hata ukitokana na jini, lazima jini huyo abadilishe mizani ya mwili mpaka ielekee kwenye nyongo nyeusi. Nyongo nyeusi ndiyo sababu ya karibu. Kilichoileta nyongo hiyo, kiwe jini au kisiwe jini, ni sababu ya mbali. Tabibu hutibu sababu ya karibu.

Wengine wameyasoma maneno hayo kama dhihaka ya mwanafalsafa. Kwa maoni yetu, ni zaidi ya hapo. Ni mgawanyo wa kazi. Swali la viumbe wasioonekana ni la wanatheolojia na wanafalsafa. Tabibu ana mgonjwa mbele yake ambaye halali, hali na anaogopa. Mgawanyo huo hauwanyimi jamaa haki ya kuomba dua, wala haumpi mtu yeyote ruhusa ya kumwacha mgonjwa bila tiba kwa hoja kwamba ugonjwa wake si wa hospitali.

Kuhusu matibabu, jambo la kwanza ni kulala usingizi, kula vizuri na kuoga kwa maji ya vuguvugu, ili mwili uliokauka urudishiwe unyevu. Pamoja na hayo mgonjwa achangamshwe, asiachwe peke yake na mawazo yake. Ugonjwa wa mapenzi anaueleza kama wasiwasi unaofanana na melankolia. Anafundisha njia ya kuutambua kwa kushika mapigo ya mgonjwa huku majina yakitajwa, hadi jina moja liyabadilishe. Tiba yake bora, anasema, ni kuwakutanisha wawili hao kwa namna inayoruhusiwa na dini na sheria. Hapa tena mwanafiqhi anaonekana ndani ya tabibu. Ni haki kusema vilevile kwamba si tiba zake zote zilizokuwa za upole. Kuumika, kuharisha na hata kuchoma kwa chuma cha moto vimo humo, na nadharia yenyewe ya majimaji manne imeachwa na sayansi. Kilichobaki hai ni kule kusisitiza kwamba akili huugua pamoja na mwili, na kwamba ugonjwa wake una sababu inayochunguzika.

Msisitizo huo una mfano wa karibu katika ukanda wa dhahabu wa Geita. Wachimbaji wadogo hukamata chembe za dhahabu kwa zebaki, kisha huichoma zebaki hiyo ili dhahabu ibaki, na mvuke wake huingia mapafuni mwa mchomaji na wa waliomzunguka. Uchunguzi uliofanywa Rwamagasa mwanzoni mwa miaka ya 2000, chini ya mradi wa Shirika la Maendeleo ya Viwanda la Umoja wa Mataifa, uliwakuta wachomaji wakiwa na dalili za sumu hiyo. Sumu ya zebaki hutetemesha mikono, huondoa usingizi, huleta usahaulifu, hasira za ghafla na woga usio na sababu. Mtu wa namna hiyo akipelekwa kwa mpiga ramli, atatajiwa adui. Akipelekwa kwa msomaji, huenda akatajiwa jini. Ibn Sina angeuliza kwanza mtu huyu anafanya kazi gani na anavuta hewa gani, kwa maana hewa, chakula, usingizi na mihemko ya nafsi ni miongoni mwa mambo ambayo al-Qanun inamtaka tabibu ayachunguze kwa kila mgonjwa.

6.0 Akili Mbele ya Sheria

Katika fiqhi, akili ndiyo msingi wa wajibu. Wanaisimu wa Kiarabu hulihusisha neno lenyewe na kamba ya kumfungia ngamia: akili humzuia mtu asipotee kama kamba imzuiavyo mnyama. Asiyekuwa nayo haandikiwi dhambi, hatozwi kisasi, wala talaka na mauzo yake hayasimami. Mali yake huwekwa chini ya walii. Lakini haki ya aliyedhurika haifutiki, kwani diya hulipwa na mali iliyoharibiwa hufidiwa. Wanafiqhi walitofautisha pia wazimu wa kudumu na wazimu unaokuja na kuondoka, na wakakubali matendo ya mgonjwa yaliyofanyika wakati akili yake imerudi.

Ibn Sina aliongeza jambo moja katika sehemu ya mwisho ya metafizikia ya al-Shifa, anapozungumzia mtoa sheria na utaratibu wa mji. Anataka pawe na mfuko wa pamoja, ambao sehemu yake iwatunze wale waliozuiwa na maradhi wasiweze kujitafutia riziki. Anataja kwamba wapo watu walioona kuwa wagonjwa wasiotarajiwa kupona wauawe, naye analiita jambo hilo ovu, kwa sababu riziki yao hailidhuru taifa. Akiwapo jamaa mwenye uwezo, ni juu yake kumtunza ndugu yake.

Sheria ya Tanzania ina asili nyingine. Mahakama za kadhi zilifutwa Tanzania Bara mwaka 1963, ingawa Zanzibar ilibaki nazo, na suala la wazimu katika jinai linatawaliwa na Kanuni ya Adhabu, ambayo msimamo wake unatokana na kanuni za Waingereza za mwaka 1843. Kila mtu hudhaniwa kuwa na akili timamu mpaka ithibitishwe vinginevyo. Hawajibiki yule ambaye, kwa sababu ya maradhi yaliyoathiri akili yake, hakuweza kuelewa alilolitenda au kujua kwamba hakupaswa kulitenda. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, inayowahusu watu wa dini zote, haitoshelezwi na neno la mume kwamba mke wake ana wazimu. Ili ugonjwa wa akili uwe ushahidi kwamba ndoa imevunjika, madaktari wasiopungua wawili, mmoja wao akiwa mjuzi wa maradhi hayo, wathibitishe kwamba hakuna tumaini la kupona. Mwaka 2008 ilitungwa Sheria ya Afya ya Akili, iliyochukua nafasi ya ile ya zamani ya magonjwa ya akili.

Sheria hizi mbili, ya fiqhi na ya Bunge, zinakutana katika jambo moja: zote zinahitaji mtu wa kueleza hali ya akili ya mtuhumiwa kwa ushahidi. Hapo ndipo desturi ya kutibu sababu ya mbali inapoleta hasara. Mgonjwa aliyezungushwa kwa waganga miaka mitatu hana cheti wala kumbukumbu ya daktari. Siku atakapomdhuru mtu, mahakama haitakuwa na kitu cha kuisaidia ila maneno ya jirani. Kwa upande wa pili, mwenye akili timamu aliyeua kwa kuamini ramli hana kinga ya wazimu. Mahakama za Afrika Mashariki zilishaamua tangu enzi ya ukoloni kwamba kuamini uchawi, peke yake, si utetezi. Anayechanganya mambo haya mawili humdhulumu mgonjwa na humpa muuaji kisingizio.

7.0 Isfahan na Mwisho wa Maisha

Huko Isfahan Ibn Sina alipata utulivu kuliko kwingine. Kisa kimoja cha wakati huo kitawapendeza wanaisimu. Mbele ya mtawala, mwanalugha Abu Mansur al-Jabban alimwambia kwamba yeye ni mwanafalsafa na tabibu, lakini lugha hajaisoma kiasi cha kusikilizwa. Ibn Sina aliona uchungu, akasoma vitabu vya lugha kwa miaka mitatu, kisha akatunga nyaraka tatu zenye maneno ya nadra kwa kuiga mitindo ya waandishi wa zamani, akazifanya zionekane kongwe, na kumpelekea mpinzani wake azieleze. Al-Jabban aliposhindwa, alitambua kilichofanyika, akaomba radhi. Ibn Sina alianza pia kamusi kubwa ya Kiarabu, lakini alifariki kabla ya kuisafisha rasimu yake.

Maradhi yaliyomwua yalikuwa yaleyale aliyowatibu watawala, yaani msokoto wa tumbo. Kwa kuharakisha kupona, asiachwe nyuma jeshi la Ala al-Dawla lilipokuwa likirudi, alijipiga bomba mara nane kwa siku moja mpaka matumbo yakachubuka. Mtumishi mmoja alimzidishia afyuni katika dawa. Alipoona kwamba nguvu za mwili zimekwisha, aliacha kujitibu. Alioga, akatubu, akagawa mali yake kwa maskini, akawaacha huru watumwa wake, na akawa anakhitimu Kurani kila siku tatu. Alifariki Hamadan katika mwezi wa Ramadhani mwaka 1037, na kaburi lake limo mjini humo.

Baada yake, al-Ghazali aliwahukumu wanafalsafa wa mkondo wake kuwa wametoka katika Uislamu kwa masuala matatu: ukale wa ulimwengu, ujuzi wa Mungu juu ya mambo mahususi, na ufufuo wa miili. Lakini al-Ghazali huyohuyo hakuikataa tiba. Al-Qanun ilifasiriwa kwa Kilatini huko Toledo katika karne ya 12 na kusomeshwa katika vyuo vikuu vya Ulaya hadi karne ya 17, na katika nchi za Kiislamu ilidumu zaidi ya hapo.

8.0 Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba Ibn Sina alikuwa mtu wa fiqhi na wa tiba kwa pamoja, aliyemuuguza mgonjwa wa melankolia na aliyeandika juu ya haki ya asiyetarajiwa kupona. Mchango wake mkubwa katika suala letu ni kutofautisha sababu ya karibu na sababu ya mbali. Tofauti hiyo haikutoka Ulaya wala katika vitabu vya ukoloni. Ilitoka ndani ya ustaarabu wa Kiislamu, na msamiati wake tunao vinywani mwetu katika nafsi, akili, tabia, hofu, huzuni na wasiwasi. Kiswahili kina pia neno la Kibantu, wazimu, ambalo shina lake ni lile la mzimu, na ambalo kwa hiyo hulitaja chimbuko la mbali kabla ya kuutaja ugonjwa. Hatuwezi kulifuta neno hilo, wala hapana haja. Lakini mwalimu, shehe na mganguzi wa zahanati ya kijijini wanaweza kukubaliana juu ya mpangilio wa kazi. Anayetaka kusoma dua na asome, na anayetaka kutambikia mizimu yake atajua mwenyewe na imani yake. Mgonjwa apelekwe hospitali siku ileile, na jina la jirani lisitajwe.